Wageni Wakiondoka, Mlima Unabaki na Nini? Kazi ya Wanafunzi wa Usanifu Baada ya Olimpiki

Olimpiki ya Majira ya Baridi huchukua kama wiki mbili na nusu. Barabara, mabwawa, mabweni na njia za zege zinazojengwa kwa ajili yake hukaa mlimani miongo kadhaa. Ndiyo maana ni jambo la busara kuwakutanisha wanafunzi wa usanifu majengo, uhandisi, misitu na jiografia kwenye swali moja: wenyeji wa mlima wataishije na vitu hivi?

Italia inalijua swali hilo. Kwa ajili ya Olimpiki ya Torino 2006 ilijengwa njia ya bobsledi (kigari cha kuteleza kwa kasi kwenye barafu) katika kijiji cha Cesana, na ikafungwa mwaka 2011. Njia ya namna hiyo ni mfereji wa zege wenye urefu unaozidi kilomita moja, na ndani ya zege mna mabomba ya amonia, kemikali ya kupoozea, ya kuifanya barafu isiyeyuke. Yaani ni friji iliyolazwa ubavuni mwa mlima. Bila umeme na mafundi haina kazi, na amonia ni sumu, haiachwi humo ikae tu. Hata hivyo, kwa Olimpiki ya Milano Cortina 2026 Italia iliamua kuijenga upya njia ya bobsledi ya Cortina, mji wa milimani, iliyofungwa mwaka 2008, ingawa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilishauri itumike iliyopo tayari, hata kama ni ya nje ya nchi. Mamia ya miti yalikatwa.

Mwanafunzi akikabidhiwa jengo la aina hiyo, wazo la kwanza huwa makumbusho, la pili mgahawa. Mimi huyaweka yote mawili kando mpaka kwanza tujue maji yanapita wapi.

Jaribio la kulijua hilo ni rahisi. Unachukua kopo pana lililotolewa kitako, unalipigilia kidogo ardhini, unalijaza maji na kuhesabu dakika mpaka yazame. Unafanya hivyo katikati ya mteremko wa skii, yaani wa kuteleza juu ya theluji, kisha unarudia msituni hatua chache pembeni. Msituni maji hunywewa upesi. Penye mteremko uliosawazishwa kwa tingatinga na kushindiliwa na magari ya theluji, maji hubaki yakikutazama. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayo hushuka bondeni yakiwa na udongo na mawe, na walio chini ndio wanaolipa. Baada ya hapo mwanafunzi hachori tena paa kabla ya mtaro.

Mbunifu peke yake hawezi kuyasoma haya yote. Oktoba 2018 dhoruba ya Vaia iliangusha zaidi ya mita za ujazo milioni 8 za miti kaskazini mashariki mwa Italia, kisha wadudu wa magome wakaivamia iliyobaki imesimama. Julai 2022 kipande cha barafu kiliporomoka kwenye mlima Marmolada, watu 11 wakafa. Wa misitu anajua mteremko upi umepoteza miti iliyokuwa ikizuia maporomoko ya theluji. Wa jiolojia anajua mwamba upi umelegea. Wakikaa meza moja, ramani hubadilika.

Mabwawa ya maji ya kutengenezea theluji ya bandia ni mfano ninaoupenda. Kiangazi yanaweza kuzima moto wa msitu na kunywesha mifugo. Lakini kingo zake huwa na mwinamo mkali na zimetandikwa plastiki inayoteleza: mnyama akiingia, hatoki. Gari la zimamoto nalo linahitaji mahali pa kusimama na kufyonza maji. Ni kazi ndogo za usanifu, wala hazipendezi kwenye picha, ila faida yake ni kubwa kuliko mnara wa kutazamia mandhari.

Makazi nayo yana mvutano wake. Kijiji cha wanamichezo cha Milano kilibuniwa tangu mwanzo kiwe mabweni ya wanafunzi. Cha Cortina kilipangwa kuwa nyumba za kuhamishika. Mlimani naunga mkono zinazohamishika, mradi tu tuulize nani ataurudishia udongo uwanja uliosawazishwa. Cortina ina wakazi wasiofika 6,000, na nyumba zikigeuzwa za watalii, vijana hukosa pa kupanga.

Lillehammer, Norwei, viwanja vya 1994 vilitumika tena katika Olimpiki ya Vijana ya 2016. Sasa zamu ni ya Milima ya Alpi ya Ufaransa, 2030, ambako njia ya bobsledi ya La Plagne ya mwaka 1992 imepangwa kutumika tena. Huko wanafunzi waingizwe sasa, kabla ya zege kumwagwa, na kila mchoro wanaokabidhi uambatane na karatasi moja ya ziada: nani atashika ufunguo, nani atazibua mitaro, na fedha ya kila mwaka itatoka mfuko upi.