Ada haipungui, lakini inaweza kulipika

Mimi ni mhasibu wa chuo cha kati hapa Mwanza. Msimu wa usajili wazazi huniuliza kama ada itashuka. Nawaambia ukweli: chuo kidogo hakina pa kukata sana, maana mshahara wa mwalimu na bili ya umeme havipungui hata darasa likiwa nusu. Pa kupunguzia mzigo pako kwingine.

Pa kuanzia ni tarehe. Mkulima wa Kwimba au Magu anashika pesa ya pamba katikati ya mwaka. Chuo kikifunguliwa Oktoba, imeshaisha. Mama anayeanika dagaa Igombe anashika pesa wakati wa giza. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala na biashara yake inalala. Mdai nusu ya ada siku ya kufungua, atakopa kwa riba, na riba hiyo ni ada ya pili isiyoandikwa kwenye fomu yoyote. Kwa hiyo tunakaa na mzazi tunaandikiana ratiba: huyu fungu dogo baada ya kila giza, yule fungu kubwa mapema, pamba ikishauzwa. Vitabu vyangu vinakuwa na mistari mingi zaidi, basi. Kumtoa mtoto kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya salio hakujawahi kuleta hela mezani kwangu.

Kisha ile fomu ya kujiunga. Rimu za karatasi, ndoo, fyekeo, sare, koti jeupe la maabara. Kimoja kimoja ni kidogo, jumla yake inamkalisha mzazi chini. Mafyekeo yaliyorundikana stoo kwetu yangefyeka mtaa wa Capri Point wote! Tuliyafuta kwenye orodha. Makoti, wanaohitimu wanayafua na kuyaacha, mgeni anapewa bure. Rimu chuo kinanunua kwa jumla.

Hosteli au geto, yaani chumba cha kupanga mtaani? Piga hesabu ya nauli kwanza. Nafuu ya chumba cha Kisesa, nje ya jiji, inaweza kumezwa na daladala.

Mkopo nao upo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata wanafunzi wa stashahada, ila kwa fani za kipaumbele tu, kama afya na ualimu wa sayansi. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo uanze kutafuta nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi pia. Kinachokwamisha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja, cha kidato cha nne kinasema Emmanuel. Viweke vyeti vyote viwili mezani leo, usome herufi kwa herufi, na kama havifanani nenda ukaulize RITA kabla dirisha halijafunguliwa.