Je, MBA ni kubwa kuliko shahada bobezi?

Hapa Tanga imezoeleka kusemwa kwamba anayetaka cheo katika biashara ni lazima asome MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, na kwamba shahada bobezi, yaani za uzamili za fani moja kama vile fedha, uhasibu au ugavi, ni za daraja la chini. Si kweli. Katika mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, zote zimo ngazi ya 9. Tofauti ni lengo tu. MBA, iliyoanza kufundishwa Harvard mwaka 1908, hugusa kila idara ili kumwandaa meneja, ilhali shahada bobezi huchimba fani moja kwa kina. Kwa kijana anayelenga kazi za mizigo bandarini, au shughuli za bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, mimi ningemshauri aanze na ugavi. MBA humfaa zaidi aliyekwisha kuonja usimamizi, na ada yake kwa kawaida si haba. Hata hivyo, shahada ya ugavi peke yake haimfanyi mtu kuwa mtaalamu aliyesajiliwa, kwa kuwa usajili huo hutolewa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yenye mitihani yake.