"Mwanafunzi aliye hatarini" si jina jingine la mtoto wa maskini

Bunge la Texas hukutana Austin kila mwaka wa witiri, na kila likikutana, hakosekani mtu wa kusimama mbele ya kamati ya elimu akiwaombea fedha "wanafunzi walio hatarini", kumbe anawazungumzia watoto wa maskini. Nia ni njema, lakini hayo ni makundi mawili, na sheria imeyatenga.

Aliye hatarini, kwa sheria ya elimu ya Texas, ni mwanafunzi wa chini ya miaka 26 anayehofiwa kuacha shule kabla ya kumaliza. Basi. Sifa zimeorodheshwa: aliyerudia darasa, aliyefeli mtihani wa jimbo, mjamzito au mzazi, asiye na makazi, aliye chini ya ulezi wa serikali, anayejifunza Kiingereza, na wengineo. Umaskini haumo. Utafute juu chini, haumo.

Umaskini unaingia kwenye kuhesabu fedha. Fungu la elimu ya fidia, yaani fedha za kuwainua wanafunzi wanaobaki nyuma, hupimwa kwa idadi ya watoto wanaostahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, na tangu 2019 hutazamwa pia mtaa anaoishi mtoto: penye dhiki zaidi, fedha zaidi. Zikishaingia, shule inaweza kuzitumia kwa walio hatarini, hata wasio maskini. Kwa hiyo mtoto wa daktari aliyefeli mtihani huweza kupata masomo ya ziada kwa fedha zilizoletwa na sahani ya mwenzake.

Msemo wenyewe ulivuma 1983, pale tume iliyoundwa na waziri wa elimu wa Rais Reagan ilipotangaza kwamba Marekani nzima iko hatarini kwa sababu ya udhaifu wa shule zake. Taifa, jamani, si mtoto! Haikupita miaka mingi, hatari ikahamishwa kutoka kwa taifa, akatwikwa mwanafunzi, ikawa ndiyo sifa yake. California walichoshwa nao: tangu 2020 sheria zao zinawaita watoto hao "wenye matumaini". Sina ugomvi nao, ila jina tamu haliajiri mwalimu.

Nawahurumia zaidi wazazi wetu waliotoka Kongo wakafikia Houston au Fort Worth. Mzazi akiambiwa mwanawe yuko hatarini, atadhani kijana kaingia kwenye magenge, kumbe huenda ni Kiingereza tu hakijakaa sawa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayekwenda Austin: ukitaka fungu liongezwe, wataje watoto wa familia zenye kipato kidogo, na uwahimize wazazi waijaze ile fomu ya mapato inayotoka shuleni, maana mtoto ambaye hakuhesabiwa haongezi hata senti. Walio hatarini wataje unapouliza fedha hizo zimetumikaje.