Mikono nyuma: kurudi kambini Mikindani kufundisha uchongaji

Mwezi wa sita nilishuka daladala Mikindani na mfuko wa tezo na patasi begani, moyo ukinienda mbio kama siku ile mjomba aliponileta pale nikiwa na miaka 12. Kambi ni ile ile: wiki 2 za likizo, turubai chini ya miembe, upepo wa kusi kutoka baharini, sinia la ming'oko ya kuchemsha saa 4 asubuhi. Nilikuja miaka 4 mfululizo kama mwanafunzi. Safari hii niliitwa mwalimu, na ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote ile nilikiona bila kukijua maana yake.

Babu aliyetufundisha, mzee wa Newala, alitembea kati yetu mikono ikiwa nyuma. Kipande cha mtu hakukigusa kamwe. Akitaka kukuonyesha namna ya kutoa bega au kuzungusha shingo, aliketi mbele yako, akabana kipande chake mwenyewe kwa nyayo, akachonga taratibu huku unatazama, kisha akainuka akaondoka nacho. Sisi watoto tulidhani ana maringo. Mimi nilikuwa msichana pekee kwenye kundi la mti (wasichana wengine wote walikwenda kwenye udongo, maana kwetu Umakondeni vyungu ni vya wanawake na uchongaji ni wa wanaume), na nilidhani ananibagua. Sivyo.

Tuanze na mti wenyewe. Mpingo ukiukata una rangi mbili: nje, chini ya gome, ni mweupe wa kufifia, na ndani kuna moyo mweusi ambao ndio tunaoutaka. Ni mzito kiasi kwamba ukitupia kipande cha moyo kwenye ndoo ya maji kinazama. Hukua polepole mno, miaka 70 mpaka 100 ndipo unafikia unene wa kuvunwa. Nje ya nchi hutengenezewa klarineti. Ndiyo maana mtoto hapewi gogo, hupewa kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu mzima, na kwa hiyo umbo lake la kwanza analikuta tayari: kipande kimepinda, au kina jicho la tawi, naye lazima afikirie humo. Ukikiacha juani mchana mmoja kinaweza kupasuka. Jioni ya kwanza tulivikusanya vyote tukaviweka kivulini, ncha zake tumezipaka nta ili unyevu usitoke kwa haraka.

Sasa jambo lenyewe. Mwenye udongo akikosea, anaukanda upya. Mwenye mti akikosea, kilichotoka kimetoka. Kila pigo la tezo linaamua pigo lifuatalo: ukiingia ndani sana shingoni, kichwa lazima kipungue, kichwa kikipungua mzigo juu yake nao upungue, mpaka sanamu nzima inageuka kuwa kitu ambacho hukukipanga asubuhi. Mchongaji hujifunza humo, kwenye kulifuata kosa lake. Mkono wa mwalimu ukiingia katikati, mfuatano ule unakatika, na yote yanayofuata ni mawazo ya mwalimu.

Nalijua hili kwa sababu nilikosea. Siku ya 4, binti mmoja kutoka Masasi alikuwa anachonga mama aliyejitwika ndoo. Shingo ilimponyoka, akaikata mno upande mmoja. Nilimhurumia. Nikachukua tezo lake, nikapiga mapigo 10 hivi, shingo ikakaa sawa, tena ikapendeza. Akasema, "Asante, mwalimu," akakiweka pembeni. Mpaka jioni hakukigusa. Kesho yake aliniomba kipande kingine. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwita kando nikamwomba radhi.

Wachongaji tuna simulizi tunayopenda kuwaambia wanafunzi, ya Samaki Likankoa, Mmakonde kutoka upande wa Msumbiji aliyefanya kazi Dar es Salaam. Inasimuliwa kwamba mwaka 1959 alikuwa anachonga umbo la binadamu, mkono ukavunjika. Badala ya kukitupa kipande akaendelea nacho, kikawa shetani, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo mzima wa mashetani unaojulikana leo duniani. Niliwasimulia watoto siku ya 5. Siku ya 6 mvulana mmoja alivunja mguu wa mbuzi wake. Akanitazama. Mikono yangu ilikuwa nyuma, nimeishikamanisha kwa nguvu. Nikaketi na kipande changu, nikachonga mnyama aliyelala, nikainuka nikaenda zangu. Alikaa kimya karibu nusu saa akikigeuzageuza, halafu akachukua tupa. Mbuzi wake akawa amelala, kichwa ameinua kama aliyesikia mtu anakuja. Nisingeweza kukiwaza kichwa kile.

Kitu kimoja Babu hakutufundisha kambini, nami sikukifundisha: mapiko. Vinyago vile ni vya ngoma na vya jando, vina mahali pake na wenyewe.

Siku ya mwisho wazazi walikuja, tukapanga kazi kwenye majamvi, msasa umeshapita na kila kipande kimeng'arishwa kwa kiwi. Nilizunguka na kalamu nikiandika majina kwenye vikaratasi. Binti wa Masasi alikuwa na vipande viwili mbele yake: yule mama mwenye ndoo, na mwingine mnene, shingo fupi, bega moja limepanda juu ya jingine kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Nikaandika jina lake mara mbili. Akachukua karatasi moja akanirudishia.

"Huyu mwenye ndoo andika lako, mwalimu," alisema. "Wangu ni huyu."