Lugha jumuishi ya sikukuu: maana yake na kwa nini inaleta ugomvi

Lugha jumuishi ya sikukuu ni salamu na matangazo ya mwisho wa mwaka yasiyotaja dini yoyote. Kadi inaandikwa "Heri ya Sikukuu" au "Salamu za Msimu" badala ya "Heri ya Krismasi", na mti wa Krismasi unaitwa mti wa sikukuu. Kusudi lake ni kwamba Myahudi, Mwislamu, Mhindu au mtu asiye na dini asijione mgeni katika nchi yake mwenyewe kila Desemba inapofika.

Ugomvi wake ni mkali zaidi Marekani, na chanzo kimoja ni kalenda. Hanukkah ya Wayahudi huhamahama, lakini mara nyingi huangukia Desemba. Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 kwa ajili ya Wamarekani Weusi, huanza 26 Desemba hadi 1 Januari. Wanaoiadhimisha husalimiana kwa Kiswahili: mmoja anauliza "Habari gani?", mwingine anajibu kwa kutaja nguzo ya siku hiyo, maana kila siku kati ya hizo saba ina nguzo yake, kuanzia Umoja mpaka Imani. Mwenye duka anayebandika "Heri ya Sikukuu" mlangoni anawasalimu wote hao kwa mpigo, pamoja na wanaosubiri Mwaka Mpya tu.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Mtu kumtakia mwenzake Krismasi njema ni jambo moja, na serikali kuisherehekea Krismasi kwa niaba ya raia wote ni jambo jingine. La kwanza halijakatazwa na sheria yoyote ya Marekani. La pili limefika mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa sababu Katiba inakataza serikali kuweka dini rasmi. Kesi ya Pittsburgh ya mwaka 1989 inaonyesha mstari ulivyo mwembamba. Ndani ya jengo la mahakama ya kaunti, kwenye ngazi kuu, kulikuwa na pango la kuzaliwa kwa Yesu lenye bango la Kilatini la kumtukuza Mungu. Nje ya jengo jingine la serikali, mtaa wa pili tu, ulisimama mti wa Krismasi wa takribani mita 14, kando yake kinara cha Hanukkah na kibao cha meya kuhusu uhuru. Majaji waliona pango lile, likiwa limesimama peke yake, linavunja Katiba. Kinara kilichokaa pamoja na mti walikiruhusu.

Lakini hasira za mitaani hazikutokana na hukumu kama hizo. Ziliwaka hasa mwaka 2005, pale watangazaji wa Fox News walipozungumzia "vita dhidi ya Krismasi" na vikundi vya Wakristo vikaanza kuyasusia maduka yaliyoacha kuitaja sikukuu hiyo kwenye matangazo. Mwaka huohuo tovuti ya jiji la Boston iliuita mti wake mkubwa "mti wa sikukuu". Mti huo hutoka Nova Scotia, Kanada, kila mwaka, kama shukrani kwa msaada ambao watu wa Boston walitoa baada ya mlipuko wa 1917 huko Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia. Aliyeutoa mti ule alichukia, na meya Thomas Menino akasema yeye ataendelea kuuita mti wa Krismasi. Namwelewa kabisa yule mtoaji. Alitoa mti wa Krismasi, na zawadi ya mtu haibadilishwi jina bila kumuuliza.

Mwaka uliofuata Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ambao nao walikuwa wameegemea "Heri ya Sikukuu", walirudisha "Heri ya Krismasi". Miaka kumi baadaye Donald Trump aliifanya salamu hiyo kuwa ahadi ya kampeni.

Ulaya nayo ina visa vyake, na si vyote vya kweli. Halmashauri ya Birmingham, Uingereza, ilitumia jina Winterval mwaka 1997 na 1998 kutangaza shughuli zote za majira ya baridi, Krismasi ikiwemo kwa jina lake. Hata hivyo kwa miaka mingi magazeti yaliandika kwamba jiji limeifuta Krismasi, mpaka Daily Mail likachapisha masahihisho mwaka 2011. Kisa cha Brussels, kwa upande wake, kilikuwa cha kweli. Mwaka 2021 mwongozo wa ndani wa Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya chenye makao Brussels, uliosimamiwa na kamishna Helena Dalli, uliwashauri watumishi waseme "msimu wa sikukuu" pale walipozoea kusema "msimu wa Krismasi". Ulipovuja, uliondolewa, na Papa Fransisko naye akaukosoa.

Kosa la mwongozo ule, naona, lilikuwa kuficha jina la sikukuu ya watu ili wengine wajisikie vizuri. Kumjumuisha Myahudi ni kumtakia Hanukkah njema inapofika, na kumjumuisha Mwislamu ni kukumbuka Idi yake. Salamu ya jumla inafaa unaposema na umati usioujua. Ukiwa na jirani ambaye umeuona mti sebuleni kwake, kumkwepea jina la sikukuu yake ni kumnyima kitu.

Afrika Mashariki "sikukuu njema" husemwa Krismasi na Idi vilevile, wala anayeisema hadhaniwi kwamba anaikwepa dini ya mtu. Mjadala wetu uko kwingine: wapo mashekhe wanaomkataza Mwislamu kutoa heri ya Krismasi, na wapo Waislamu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoitoa kila mwaka na kupokea sahani ya pilau kutoka kwa jirani.