Kiladini si Kiitaliano kilichoharibika

Vibao vya Ortisei, mji mdogo wa wachonga mbao katika milima ya Dolomiti, Italia, hubeba majina matatu: Urtijëi, St. Ulrich, Ortisei. La kwanza ni la Kiladini, lugha ya wenyeji wengi, ambayo kwa miaka nenda rudi imedaiwa kuwa Kiitaliano kilichochanganyikana na Kijerumani.

Sivyo. Warumi waliiteka milima ile mwaka 15 kabla ya Kristo, na Kilatini cha watu wa kawaida kikakua huko kivyake hadi kikawa Kiladini. Tazama wingi: nyumba ni cësa, zikiwa nyingi ni cëses, kwa s mwishoni. Kiitaliano husema casa, kisha case. Maneno ya Kijerumani yamo, tena mengi, kama ya Kiarabu yalivyo katika Kiswahili. Hayageuzi ukoo wa lugha. Isitoshe, bonde la Ortisei lilikuwa chini ya Austria, si Italia, hadi Vita Kuu ya Kwanza.

Shuleni, tangu 1948, masomo hugawanywa sawa kati ya Kijerumani na Kiitaliano. Kiladini chenyewe hupewa saa chache tu kwa wiki, jambo ambalo kwangu ni uchoyo.