Java si kifupi cha JavaScript

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la vijana wa Dodoma wanaotafuta kazi za kompyuta, lilipita tangazo la mtu anayehitaji mtengenezaji wa tovuti "anayejua vizuri HTML, CSS na Java". Siku mbili baadaye, kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Nyerere Square, nilimsikia kijana wa chuo akimshauri mdogo wake, aliyemaliza kidato cha sita, kwamba kama anataka kutengeneza tovuti asipoteze muda, aanze na Java. Mwandishi wa tangazo na mshauri wa kijiweni walikusudia kitu kimoja, nacho ni JavaScript. Kosa hili nimelisikia mara nyingi na kila mara nimenyamaza, kwa kuwa waliozoea kazi hizi huelewa kilichokusudiwa. Anayeanza haelewi kilichokusudiwa. Yeye huelewa kilichotamkwa, na usiku huohuo hufungua simu yake na kutafuta masomo kwa jina alilopewa.

Maana yenyewe ni fupi. JavaScript ni lugha ya kuandikia programu ambayo vivinjari vyote vya kawaida, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, huielewa na kuitekeleza vyenyewe, bila msomaji wa ukurasa kusakinisha kitu chochote. HTML hueleza ukurasa una nini, CSS hueleza unaonekanaje, na JavaScript hueleza unafanya nini pale mtu anapobonyeza au kuandika. Tangu 2009, Ryan Dahl alipotoa Node.js, mfumo wa kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari, lugha hii imetumika sana upande wa seva pia, yaani kwenye kompyuta zinazotuma kurasa kwa wasomaji. Java ni lugha nyingine, yenye watunzi wengine na kanuni nyingine, ambayo msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtu, kwa kawaida hupitishwa kwanza kwenye kompaila, programu ya kutafsiri, ukawa baitikodi, kisha baitikodi hiyo ikaendeshwa na programu nyingine iitwayo mashine pepe ya Java. Mifumo mingi ya benki na mashirika makubwa imejengwa kwa Java, na ndiyo lugha iliyotumika kuandikia programu za simu za Android tangu simu za kwanza za aina hiyo zilipoingia sokoni 2008, mpaka Google ilipotangaza 2019 kwamba itaitanguliza lugha nyingine iitwayo Kotlin.

Kinachohitaji maelezo zaidi ni jina, kwa sababu kosa lote limezaliwa humo.

Java ilianza 1991 katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, kwenye mradi ulioongozwa na James Gosling, na mwanzoni iliitwa Oak, yaani mwaloni, kwa ajili ya mti uliokuwa nje ya ofisi yake. Jina hilo lilikuwa tayari limechukuliwa na kampuni nyingine, kwa hiyo wakatafuta jingine na kutua kwenye Java, neno ambalo Wamarekani hulitumia mitaani kwa maana ya kahawa, kwa sababu ya kahawa iliyokuwa ikitoka kisiwa cha Java huko Indonesia. Ndiyo maana nembo ya lugha hiyo mpaka leo ni kikombe kinachofuka mvuke. Lugha ilitangazwa hadharani Mei 1995 na kupokewa kwa shangwe kubwa, kwa kuwa iliahidi kwamba programu ikishaandikwa mara moja ingefanya kazi kwenye kompyuta za aina yoyote.

Mwezi huohuo wa Mei 1995, katika kampuni nyingine kabisa, Netscape, iliyokuwa ikitengeneza kivinjari kilichotumika zaidi wakati huo, Brendan Eich alikuwa akiandika kwa siku kumi mfano wa kwanza wa lugha ndogo ya kuwekwa ndani ya kurasa. Lugha hiyo iliitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript. Eich alikuwa ameajiriwa kwa matarajio ya kuingiza kwenye kivinjari lugha iitwayo Scheme, lakini wakubwa wake walitaka lugha ambayo kwa sura ingefanana na Java, kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu. Tarehe 4 Desemba 1995 Netscape na Sun zilitangaza kwa pamoja jina jipya, JavaScript. Lugha haikuwa imebadilika kwa sababu ya jina hilo. Jina lilitolewa ili umaarufu wa Java uwavutie watu kwenye lugha changa ambayo bado hakuna aliyeijua.

Naomba msomaji alitazame jina hilo katika sehemu zake mbili. Skripti, neno lililotoka kwenye Kilatini kwa maana ya kilichoandikwa, katika maigizo ni maandishi anayopewa mwigizaji ayafuate, na katika kompyuta ni maagizo ambayo programu nyingine huyasoma na kuyatekeleza papo hapo. Kiswahili chetu kina neno hati, lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya mwandiko, ambalo lingeweza kuibeba maana hiyo vizuri kama tungelizoea mapema. Sehemu hii ya pili inaeleza kwa haki lugha ya Eich ilitengenezwa ifanye nini, yaani kuandikwa ndani ya ukurasa na kusomwa na kivinjari. Sehemu ya kwanza haielezi chochote kuhusu lugha hiyo, kwa kuwa ni umaarufu wa jirani ulioazimwa. Basi mtu anayesema "Java" akikusudia JavaScript hukata sehemu iliyo ya lugha yenyewe na kubakiza ile ya kuazima. Kufupisha maneno ni desturi yetu na sina ugomvi nayo. Ninachokilalamikia ni mahali ambapo kisu kimepita.

Mkazi wa Dodoma analijua jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Ndani ya jiji letu kuna kata iitwayo Chamwino, na nje ya jiji, upande wa barabara ya kwenda Morogoro, kuna Chamwino nyingine, yenye Ikulu, ambayo ili kuitofautisha huitwa Chamwino Ikulu. Tunaposema "Dar" badala ya Dar es Salaam hakuna anayepotea, kwa sababu hakuna Dar nyingine ya kumpokea. Mgeni aliyeshuka leo kwenye treni akielekezwa apande gari la Chamwino, wakati anayemsubiri yuko Chamwino Ikulu, atapanda gari la kweli na kufika mahali pa kweli penye jina alilotajiwa, ila hatamkuta mwenyeji wake. Hivyo ndivyo anavyopotea aliyeambiwa ajifunze Java: masomo anayoyakuta ni mazuri, walimu ni hodari, vitabu havina kasoro, na hakuna dalili yoyote njiani ya kumwonyesha kwamba amefika kusiko.

Wapo wanaotetea ufupisho huu kwa kusema kwamba lugha hizi ni ndugu. Mabano ya mabawa, nukta-mkato mwishoni mwa sentensi, na maneno kama if, for na while yanafanana kweli, lakini Java nayo iliyapata kutoka lugha za C na C++ zilizoitangulia, na kwa ufanano huo hata C# tungeiita Java. Tofauti iko chini ya sura hiyo. Katika Java ukitangaza kwamba idadi ni namba kamili, kisha baadaye ukataka kuweka humo neno "tano", kompaila itakataa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Katika JavaScript jina lililotangazwa kwa neno let laweza kubeba namba sasa hivi, na mstari unaofuata likabeba neno, na hakuna atakayekuzuia. Namna mbili hizi za kushughulika na thamani hujenga tabia mbili tofauti katika akili ya anayejifunza, nami sisemi ipi ni bora.

Utetezi mwingine una uzito zaidi, nao unastahili kujibiwa kwa heshima. Watu wazima kidogo wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 Java ilikuwa kweli ndani ya kurasa za intaneti, kwa njia ya programu ndogo zilizoitwa apleti, na wakati huo kuitaja Java pamoja na HTML hakukuwa kosa. Ni kweli. Apleti hata hivyo zilihitaji kiungo cha ziada kisakinishwe kwenye kivinjari, zilikuwa nzito kufunguka, zikaandamwa na matatizo ya usalama, na kati ya 2015 na 2017 vivinjari vikubwa kama Chrome na Firefox viliacha kuvipokea viungo vya namna hiyo. JavaScript, mdogo aliyewekwa kwenye ukurasa ili amsaidie Java mkubwa, ndiye aliyebaki na nyumba.

Hata waliokuwa na lugha hii mikononi waliona kwamba jina lina matatizo. Microsoft ilipotaka lugha ya aina hiyo katika kivinjari chake, Internet Explorer, 1996, iliiita JScript, kwa sababu jina la JavaScript lilikuwa na mwenyewe kisheria. Kanuni za lugha zilipopelekwa kwenye chama cha viwango cha Ecma, chenye makao yake Geneva, zilichapishwa Juni 1997 kwa nambari ECMA-262 na kwa jina ECMAScript, ambalo mpaka leo halitamkwi sana nje ya maandishi ya kitaalamu. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun na kurithi alama za biashara za majina yote mawili, Java na JavaScript, jambo ambalo limewafanya wengine waamini kwamba hata lugha zenyewe ni za kampuni moja. Oracle ilichorithi upande wa JavaScript ni jina tu. Kanuni za lugha hutungwa na kamati ya Ecma yenye wajumbe kutoka makampuni na taasisi nyingi.

Nimesema anayeanza ndiye anayeumia, na ninamfikiria mtu ninayemjua. Ni kijana wa Hombolo, ambaye mama yake analima zabibu, naye alitaka kutengeneza ukurasa mmoja tu ambapo mteja wa mjini angeandika anataka kilo ngapi na kuona jumla ya gharama. Kaka mmoja wa mtaani alimwambia aanze na Java. Alipokuja kwangu na kompyuta mpakato yake alikuwa amejifunza kwa miezi miwili, na daftari lake lilikuwa safi, limejaa madarasa (class) na mbinu (method) za Java, na aina za namba, yote sahihi. Katika ukurasa wake wa HTML, ndani ya tagi ya script, mahali pa kuandikia JavaScript, alikuwa ameandika System.out.println("Habari"), amri ya Java ya kuonyesha neno, na kitufe hakikufanya kitu. Tulipofungua konsoli ya kivinjari, sehemu inayoonyesha makosa ya msimbo, tulikuta mstari mwekundu uliosema kwamba System haijulikani. Alinitazama na kuniuliza kama amekosea herufi. Hakuwa amekosea hata moja. Alikuwa akiongea na kivinjari kwa lugha isiyo yake.

Tulifuta mstari ule tukaandika console.log("Habari"), amri ya JavaScript ya kazi hiyohiyo, na neno likatokea kwenye konsoli. Kisha tukajaribu jumla yake, na hapo likatokea jambo lililomfundisha kuliko maelezo yangu. Bei kwenye fomu ilikuwa 3000, nauli ya bodaboda 500, na ukurasa ukaonyesha 3000500. Kilichoandikwa ndani ya kisanduku cha fomu hufika kwa JavaScript kikiwa mfuatano wa herufi, na alama ya kujumlisha ikikuta herufi huziunganisha. Lazima kwanza uzigeuze kuwa namba, kwa mfano kwa kutumia Number, ndipo upate 3500. Mtu wa JavaScript hukutana na jambo hili mapema sana, pengine juma la kwanza. Yeye alikuwa amesoma miezi miwili bila kuligusa, kwa kuwa alikuwa akisomea kazi nyingine.

Miezi ile haikupotea yote, na nilimwambia hivyo, maana aliyeelewa kitanzi (kurudia amri) na sharti (if) katika lugha moja hatayasoma upya katika nyingine. Akitaka siku moja kuajiriwa kwenye mifumo ya benki, daftari lile litamfaa sana, na vijana wengi wa vyuo vyetu vya hapa Dodoma wanasoma Java kwa sababu nzuri. Alichonyimwa ni nafasi ya kuchagua. Aliuliza swali la tovuti na akajibiwa kwa jina la kitu kingine, wakati mama yake alikuwa na zabibu zinazoiva.

Kwa kaka aliyemshauri, ambaye najua alimtakia mema, na ambaye ushauri wake, kwa jinsi alivyoukusudia, ulikuwa sahihi: ukiulizwa tena na mtu anayetaka kutengeneza ukurasa wa intaneti, mwambie HTML, kisha CSS, kisha JavaScript, na hilo la mwisho ulitamke lote. Ukiona ni refu, waandishi wa programu wana kifupi chake walichokizoea, nacho ni JS. Na wewe uliyeanza jana, ukitajiwa Java katika sentensi moja na HTML na CSS, muulize aliyeitaja kama amekusudia ile ya kivinjari, kabla hujanunua bando la kupakulia masomo.